Safari ya Msiba Isiishie Kaburini

Mzazi aliyepelekwa Dar es Salaam kwa matibabu akifariki huko, watoto wake humrudisha akazikwe kwao Kiwira. Hupanda gari moja pamoja na jeneza, wakapita Morogoro, wakapanda mlima Kitonga, wakaziacha nyuma Iringa na Makambako. Wafikapo Uyole huiacha barabara kuu iendayo Zambia, wakapinda kusini kuelekea Rungwe, hata baridi na migomba ya nyumbani iwapokee. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 800.

Ndani ya gari hilo mara nyingi wamo watoto wa tumbo moja ambao hawajasemezana kwa miaka mingi. Mmoja alibaki nyumbani akatunza shamba na ng'ombe. Mwingine alikwenda mjini akaleta fedha, au hakuleta. Kila mmoja anaamini kuwa ndiye aliyebeba mzigo peke yake. Lakini usiku ni mrefu. Aliyekuwa mbali humwuliza aliyemwuguza mzazi jinsi siku za mwisho zilivyokuwa. Swali hilo hawezi kumwuliza mtu mwingine yeyote duniani, na kwa swali hilo udugu huanza kufufuka.

Tusidhani kwamba umbali ndio unaovunja udugu. Monica Wilson, mtaalamu aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi wavulana wa miaka kama 10 walivyoondoka kwa wazazi wao, wakajenga kijiji chao cha rika moja, wakirudi kwa mama zao kula tu. Hivyo ndugu wa baba mmoja waliokuwa na umri tofauti waliishi vijiji tofauti maisha yao yote. Hata hivyo msiba ulipotokea, walikusanyika.

Tena hawakukusanyika kulia tu. Katika kitabu kingine, cha 1957, mama huyo alionyesha kuwa hasira iliyofichwa moyoni ilihesabiwa kuwa hatari kwa ukoo mzima. Waliogombana walitakiwa kuitamka waziwazi ndipo wapatane. Wazee hao walijua jambo ambalo sisi wa leo tunalisahau: kinachoua udugu ni kimya.

Tunalisema hili kwa sababu baada ya mazishi huja kikao cha ukoo. Hapo huteuliwa msimamizi wa mirathi, na shauri huenda Mahakama ya Mwanzo. Ndugu waliofika hapo bila kusemezana huanza kusemewa na wengine, na kila msemaji ana lake. Wahenga hawakukosea waliposema kufa kufaana.

Anayeumia zaidi ni dada. Kanuni za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zilimweka binti katika daraja la tatu, nyuma ya watoto wote wa kiume. Kweli, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imetamka kuwa mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Lakini kati ya maandishi ya sheria na migomba ya marehemu amesimama kaka. Akisema neno la haki mbele ya ukoo, dada hana haja ya kwenda mahakamani. Akinyamaza, safari ya pamoja ilikuwa ya jeneza tu.

Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wakipatana chukua kapu ukavune. Methali hii tumezoea kuitumia kuwaonya watu wa nje wasiingilie ugomvi wa ndugu. Yafaa ndugu wenyewe nao waisikie. Ugomvi wao hauna budi kwisha siku moja. Shaka ni kama siku hiyo shamba la kuvuna litakuwapo bado, au litakuwa limekwisha kuuzwa kulipia kesi.

Kwa hiyo shauri letu kwa wafiwa ni dogo. Mkae kiti kimoja. Yanayouma yasemwe, na lililo haki ya kila mtoto, wa kiume na wa kike, likubaliwe kabla gari halijapinda Uyole. Mbele ya hapo wapo wengi wanaongoja kuwasemea.