Meno, Miwani na Mizinga: Ugomvi Uliopasua Serikali ya Bwana Attlee

Tarehe 10 Aprili, 1951, Bwana Hugh Gaitskell, Waziri wa Fedha wa Uingereza, alisimama Bungeni mjini London kusoma makisio ya mapato na matumizi ya mwaka. Kati ya mambo mengi aliyotaja lilikuwamo moja dogo kwa kulitazama, nalo ni kwamba tangu wakati huo mtu akihitaji meno ya bandia au miwani kwa mpango wa matibabu wa Serikali itampasa kulipa nusu ya bei yake. Akiba iliyotazamiwa katika mwaka ule ilikuwa pauni milioni 13. Kabla ya majuma mawili kwisha Bwana Aneurin Bevan, Waziri wa Kazi, alikuwa amejiuzulu, na Bwana Harold Wilson, aliyeshughulikia mambo ya biashara, akamfuata. Waziri Mkuu mwenyewe, Bwana Clement Attlee, alikuwa amelazwa hospitali kwa vidonda vya tumbo, akawa anapelekewa habari za ugomvi huo kitandani.

Huenda msomaji akashangaa kwamba watu wazima, viongozi wa dola kubwa, waligombana hata kuvunja undugu wao wa chama kwa ajili ya meno. Lakini jambo hili lilikuwa kama jipu lililoiva, na usaha wake ulikuwa umeanza kukusanyika miaka sita nyuma.

Waingereza walipopiga kura mwezi wa Julai 1945 walimwondoa Bwana Churchill aliyewaongoza katika vita, wakakipa chama cha Labour viti 393. Walifanya hivyo kwa kuwa walikumbuka miaka ya 1930, watu walipokaa bila kazi na watoto wakakosa daktari kwa kukosa shilingi. Tena walikuwa wameisoma taarifa ya Sir William Beveridge ya Desemba 1942, iliyosema kwamba umaskini, maradhi, ujinga, makazi machafu na ukosefu wa kazi ni majitu matano ambayo Serikali yaweza kuyashinda. Ilikuwa ahadi kubwa, na Labour waliichukua kama deni.

Walakini deni jingine lilikuwa likiwangoja mlangoni. Katika Agosti 1945, Japani iliposalimu amri, Marekani ilikomesha ghafula mpango wake wa kuwapatia washirika wa vita chakula na vifaa bila malipo ya papo hapo. Uingereza ilikuwa imeuza mali zake nyingi za ng'ambo ili kupigana, na viwanda vyake vilikuwa vikitengeneza silaha badala ya bidhaa za kuuza. Bwana Keynes, mwanauchumi mashuhuri, alitumwa Washington kuomba msaada, akarudi na mkopo wa dola milioni 3,750 kwa riba ya asilimia mbili. Malipo ya mwisho ya mkopo huo yalifanyika mwezi wa Desemba 2006, ambapo wengi wa waliouomba walikuwa wamekwisha kuzikwa zamani.

Kwa hiyo kila ngano, kila pamba, kila tumbaku iliyotoka Amerika ilipaswa kulipiwa kwa dola, na dola hazikuwapo za kutosha. Hata mabomu yalipokuwa yakianguka juu ya London, mkate ulinunuliwa bila kipimo. Lakini kuanzia Julai 1946 hadi Julai 1948, wakati wa amani, mkate uligawiwa kwa cheti. Akina mama wa Kiingereza walilalamika sana, na sioni kwamba mtu angeweza kuwalaumu.

Kisha ukaja mwaka wa 1947. Tarehe 1 Januari migodi ya makaa ya mawe ilifanywa mali ya taifa, bendera zikapandishwa, na wachimbaji wakashangilia. Majuma machache baadaye ilianguka theluji nyingi mno, magari-moshi yakakwama, na makaa yakabaki migodini huku mitambo ya umeme ikizimika. Viwanda vilifungwa, na kwa muda watu zaidi ya milioni mbili wakawa hawana kazi. Katika Julai ya mwaka huo huo Serikali, kwa kutimiza sharti la mkopo wa Marekani, iliruhusu pauni zibadilishwe kwa dola bila kizuizi. Kila mwenye pauni alikimbilia dola, na baada ya majuma matano tu ruhusa hiyo ikaondolewa kwa hofu ya kumaliza hazina yote.

Hapa ndipo shida ya London ilipofika kwetu Afrika ya Mashariki. Waingereza walikosa mafuta ya kupikia, wala hawakuwa na dola za kuyanunua. Ikabuniwa shauri la kulima karanga katika Tanganyika, zaidi ya eka milioni tatu, kwa gharama ya karibu pauni milioni 25, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuwa haba, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Wagogo wa Kongwa wangeweza kuwaambia wageni kwamba mvua ya nchi ile si ya kutegemewa. Na ule udongo, ukikauka, hushikamana kama saruji, ukala majembe ya chuma. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ilikiri kwamba mpango umeshindwa, na pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Bandari ya Mtwara, iliyoanzishwa kwa ajili ya karanga hizo, ingali inatumika hata leo.

Hesabu yenyewe yafaa kutazamwa kidogo. Fedha zilizopotea katika karanga zilikuwa karibu mara tatu ya zile ambazo Bwana Gaitskell, miezi mitatu baadaye, alitaka kuziokoa katika meno na miwani.

Jambo la pili lililotugusa lilikuwa la tarehe 18 Septemba, 1949. Siku ile Sir Stafford Cripps alitangaza kwamba pauni iliyokuwa na thamani ya dola 4.03 sasa itakuwa na thamani ya dola 2.80. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imefungwa na pauni, ishirini kwa moja, ikashuka nayo siku ile ile bila mtu wa Nairobi, Kampala wala Dar es Salaam kuulizwa. Trekta la Amerika lililouzwa dola 1,000 lilikuwa likigharimu karibu shilingi 4,960. Baada ya tangazo likagharimu karibu shilingi 7,140. Ni kweli kwamba katani na kahawa zilizouzwa Amerika zilileta shilingi nyingi zaidi, lakini dola zenyewe zilikwenda katika hazina ya London, pamoja na dola za mpira wa Malaya na kakao ya Gold Coast. Basi makoloni nayo yaliibeba pauni, ingawa jambo hili halikutajwa mara nyingi katika hotuba.

Pamoja na taabu zote hizo Serikali ilitimiza ahadi yake kuu. Tarehe 5 Julai, 1948, kila mtu katika Uingereza, tajiri na maskini, aliweza kumwona daktari, kulazwa hospitali na kupata dawa bila kulipa kitu. Bwana Bevan, mtoto wa mchimba makaa wa Wales, ndiye aliyeupigania mpango huo dhidi ya madaktari wengi waliokuwa wakiupinga. Mara mambo yaliyofichika yakaonekana. Wazee waliokuwa wakisoma kwa miwani ya kununuliwa gengeni, na wanawake waliotafuna kwa ufizi miaka mingi, walijipanga milangoni. Katika mwaka wa kwanza miwani zaidi ya milioni tano ilitolewa. Gharama ikapita makisio kwa mbali. Wengine waliita jambo hilo ulafi, lakini mimi naona lilikuwa ni haja ya watu iliyolimbikizwa miaka mingi.

Pengine Hazina ingaliweza kuvumilia, kama si vita vya Korea vilivyoanza Juni 1950. Marekani iliwataka rafiki zake wajiandae, na katika Januari 1951 Bwana Attlee alitangaza kwamba Uingereza itatumia pauni milioni 4,700 kwa silaha katika miaka mitatu. Bwana Gaitskell aliamini kwamba ni haki kila idara ichangie, hata ya matibabu. Bwana Bevan alijibu kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mlango wa malipo ukifunguliwa kidogo hautafungwa tena. Ya pili ni kwamba pauni milioni 4,700 hazingeweza kutumika hata kama zingepatikana, kwa kuwa chuma, mashine na mafundi wa kutengeneza silaha hizo hawakuwapo.

Bwana Bevan alikuwa na ulimi mkali na kiburi chake kilijulikana. Wako waliosema kwamba alikasirika kwa sababu Uwaziri wa Fedha alipewa mwenzake aliye mdogo kwake. Hilo laweza kuwa na kweli ndani yake, lakini halibadilishi hesabu. Chama kilichogawanyika kilikwenda kwenye uchaguzi wa Oktoba 1951, kikapata kura nyingi kuliko Conservative na bado kikashindwa kwa viti, 295 kwa 321.

Bwana Churchill aliporudi madarakani alizitazama hesabu za silaha, akaona haziwezekani kwa miaka mitatu. Katika Desemba ya mwaka ule aliliambia Bunge hivyo, akaongeza, kwa mzaha wake wa kawaida, kwamba Bwana Bevan alikuwa ametokea kuwa na haki, ingawa labda kwa bahati tu. Hata hivyo malipo hayakufutwa. Katika Juni 1952 iliongezwa shilingi moja kwa kila cheti cha dawa, kwa kutumia sheria ambayo Labour wenyewe waliipitisha mwaka wa 1949, Bwana Bevan akiwa bado Waziri wa Afya. Na hata leo, katika England, mtu mzima anayetaka meno ya bandia kwa mpango wa Serikali hulipa sehemu ya gharama, isipokuwa akiwa miongoni mwa waliosamehewa, kama vile wanawake wajawazito.