Kijana Anayepigwa Nyumbani kwa Sababu ya Akili Zake

Huenda wewe ni kijana wa miaka ishirini, na tangu utoto hufanani na ndugu zako. Kelele za soko zinakuumiza. Hupendi kutazamwa machoni. Ukibadilishiwa mahali pa kulala unatetemeka, na ukikaripiwa maneno yanakwama kinywani. Nyumbani wanakuita mjinga au mchawi, nao wanakupiga ili ubadilike.

Sikiliza kwanza neno hili. Hali hiyo madaktari wa kwetu huiita otisme, na Tanzania huitwa usonji. Ni namna ubongo ulivyo, na mtu huzaliwa nayo. Haiambukizi. Haikuletwa na pepo, wala si kosa la mama yako. Fimbo haiwezi kuiondoa, wala minyororo, wala kunyimwa chakula katika nyumba za maombi.

Tena sheria haikubali uteswe. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtesa mtoto na kumsingizia uchawi, na sheria ya mwaka 2009 inaweka adhabu. Hizo zinawalinda walio chini ya miaka 18. Wewe uliyetimiza miaka hiyo ni mtu mzima, nawe una ruhusa kuchagua nyumba ya kukaa.

Wazee wengine wa kanisa watakurudisha, wakikukumbusha amri ya kuheshimu wazazi. Twasema wazi kwamba wanakosa. Mtu aweza kumheshimu baba yake akiwa mbali, na kumpelekea salamu na samaki siku ya sikukuu.

Basi, kama umeamua kutoka, usitoke usiku wala kwa hasira. Chagua mtu mmoja unayemwamini: mjomba, shangazi, au mama mmoja wa kanisa. Nenda kwake mara mbili tatu mbele ya kuhama. Tazama chumba utakacholala, kisima, na choo. Jambo lililokwisha kuonwa halitishi sana. Mwambie mapema mambo yanayokuumiza. Kama hofu inakufunga kinywa, andika kwenye karatasi: "Sina kiburi. Nikinyamaza, unipe muda." Uiweke mfukoni.

Kadi yako ya uchaguzi uipeleke kwa mtu huyo kwanza, pamoja na karatasi za hospitali. Wengi huacha kadi nyumbani, kisha wanairudia peke yao, na huko ndiko wanakopigwa vibaya kuliko siku zote.

Sasa shauri la dawa. Wenye otisme wengi wana kifafa pia. Kama unameza gardenali kila jioni, usiondoke bila vidonge vya kutosha. Mtu akiikatisha dawa hiyo kwa ghafula, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu, kimoja juu ya kingine, hata kuua. Kwa hiyo pita hospitali kwanza. Huna haja ya kueleza habari yote ya nyumbani. Sema tu kwamba unasafiri, nawe unataka dawa za safari. Kama una majeraha, yaonyeshe siku ile ile, ili daktari aandike karatasi ya kupeleka polisi au tribunali. Na mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu aje mbele ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haifai tena baadaye.

Kutoka Kirungu kwenda Kalemie wengi hupita ziwani. Mota ya boti inapiga kelele nyingi, na watu husongamana. Keti mbali na mota, tia pamba masikioni, na umpe mwenzako wa safari kazi ya kujibu maswali ya watu.

Nawe unayempokea kijana huyu, usimwandalie karamu ya majirani siku ya kwanza. Mpe mkeka wake, mwonyeshe saa ya kula, na usiibadilishe. Wa nyumbani kwake wakija kumdai, ongea nao nje ya mlango, naye abaki ndani.