Da Qing: Faida ya afya iliyochukua miaka 23 kuonekana

MFANYABIASHARA anayefungua duka saa moja asubuhi na kulifunga saa mbili usiku huwa na hesabu ya kila kitu: mzigo ulioingia, madeni, kodi ya pango na mshahara wa kijana wa dukani. Mali moja haimo katika daftari lake. Ni mwili wake, ambao hukaa kitini kutwa, hula chipsi na soda mchana, na jioni hurudishwa nyumbani kwa gari.

Kwa biashara inayomtegemea mtu mmoja, hilo ni pengo kubwa. Gharama ya kisukari cha ukubwani hailipwi mara moja ikaisha. Kuna dawa, vipimo na siku za kufunga duka. Na kikiachwa bila kudhibitiwa huharibu macho, figo, miguu na moyo.

Je, kinga inalipa? Jibu moja lenye hesabu kamili limetoka Da Qing, mji wa visima vya mafuta kaskazini mashariki mwa China.

Mwaka 1986 watu 110,660 wa mji huo walipimwa sukari. Kati yao, 577 waliingizwa katika utafiti. Sukari yao ilikuwa imepanda, lakini haijafikia kiwango cha kisukari: saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, ilisoma milimoli 7.8 au zaidi kwa lita, chini ya 11.1.

Zahanati 33 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi zilishughulikia lishe, nyingine mazoezi, nyingine vyote viwili. Kundi la nne liliendelea na huduma za kawaida.

Kiwango cha kubadilishia

Upande wa lishe, washiriki walihimizwa kula mboga zaidi na kupunguza sukari na pombe. Wenye uzito uliozidi walitakiwa kuupunguza taratibu, nusu kilo hadi kilo moja kwa mwezi.

Mazoezi nayo yalipangwa kama viwango vya fedha za kigeni. Kipimo kimoja cha kila siku kiliweza kulipwa kwa kutembea polepole dakika 30, au kutembea haraka au kuendesha baiskeli dakika 20, au kupanda ngazi dakika 10, au kuruka kamba dakika tano. Kila mtu alitakiwa kuongeza angalau kipimo kimoja. Wenye umri chini ya miaka 50 wasio na ugonjwa wa moyo, viwili.

Baada ya miaka sita, asilimia 67.7 ya kundi la huduma za kawaida walikuwa wamepata kisukari. Kundi la lishe lilikuwa na asilimia 43.8, la mazoezi 41.1, na la vyote viwili 46.0. Kwa maneno mengine, kila njia ilifaa, na kuziunganisha hakukuongeza faida iliyoonekana.

Subira

Mpango ulifungwa mwaka 1992, lakini wataalamu waliendelea kuwafuatilia washiriki. Taarifa ya mwaka 2008, iliyohusu miaka 20, ilionyesha kuwa kisukari kilikuwa kimepungua kwa asilimia 43. Hata hivyo, tofauti ya vifo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa. Mwekezaji mwenye haraka angeuza hisa zake hapo.

Angepata hasara. Taarifa ya mwaka 2014, iliyohusu miaka 23, ilionyesha kuwa asilimia 28.1 ya waliokuwa katika mpango walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 38.4 ya wenzao. Ile ya miaka 30, iliyotolewa mwaka 2019, ilionyesha kuwa kisukari kilicheleweshwa kwa wastani wa karibu miaka minne, na maisha yakaongezeka kwa wastani wa miaka 1.44, yaani takriban mwaka mmoja na miezi mitano.

Sababu haina uchawi. Msuli unaofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu, na kwa saa kadhaa baadaye huitikia insulini vizuri zaidi. Mafuta yakizidi tumboni na kwenye ini, insulini hushindwa kufanya kazi yake sawasawa. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, na mwisho huelemewa.

Aidha, hesabu hizi zina mipaka. Utafiti ulikuwa na watu wachache, wa mji mmoja, waliokuwa tayari katika hatari. Wastani si ahadi kwa mtu mmoja mmoja. Anayetumia dawa za kisukari au mwenye maradhi ya moyo anapaswa kuonana na daktari kabla ya kubadili dozi au kuanza mazoezi mazito.

Kwa mwenye duka Kariakoo, gharama ya kuanza ni ndogo: dakika 20 za kutembea haraka kabla ya kufungua, maji badala ya soda, na sahani yenye mboga nyingi kuliko chipsi. Hatua ya kwanza ni kujua sukari yake inasoma ngapi. Washiriki wa Da Qing waliingia katika mpango kwa sababu walipimwa kabla ya kuugua.