Kwa Nini Vifaru Wetu Huhamishwa

Mkazi wa Kitengela, ukisikia vifaru wamebebwa kwa malori kutoka Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, usidhani wameuzwa.

Mbuga hiyo ina kilomita mraba 117 pekee. Vifaru weusi wakizidi, madume hupigana hata kuuana, na majike hukawia kushika mimba. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya miezi 15 na huzaa ndama mmoja tu. Tena wasipopata damu mpya, ndugu huzaana. Mfugaji analijua hili, ndiyo maana hubadilisha fahali.

Kwa hivyo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huzitazama hifadhi za vifaru nchini kama boma moja. Vifaru wengi hukatwa alama masikioni ili watambulike, na wanaozidi hupelekwa penye nafasi. Mwaka 2024, vifaru 21 kutoka Nairobi, Ol Pejeta na Lewa walihamishiwa Loisaba, Laikipia.

Kazi hii ina hatari. Mwaka 2018, vifaru 11 waliopelekwa Tsavo Mashariki walikufa wote, wengi wao kutokana na maji ya chumvi. Tangu hapo, maji na malisho ni mambo ya kukaguliwa kwanza.

Upande wa kusini wa mbuga, kwenye mto Mbagathi, haujazungushiwa ua wote. Ukimwona kifaru nje, usimkaribie wala kusambaza picha yake mtandaoni, kwani majangili pia hutazama. Arifu ofisi ya KWS au chifu wako mara moja.