Mwendo wa Miguu na Ubongo wa Mzee

Ubongo wa binadamu husinyaa kadiri umri unavyosonga, na sehemu inayowaletea wazee taabu mapema ni hipokampasi. Hii ni jozi ya vipande vidogo vilivyopinda, kimoja kila upande, ndani kabisa ya ubongo karibu na usawa wa masikio. Humo ndimo kumbukumbu mpya zinamotengenezwa: jina la mgeni aliyefika jana, mahali funguo zilipowekwa, njia ya kurudi nyumbani kutoka mtaa usiozoeleka. Kwa wazee, hata wasio na ugonjwa, hipokampasi hupungua kwa asilimia 1 hadi 2 kila mwaka. Kwa muda mrefu wanasayansi waliona hayo ni mambo ya uzee tu, hayana dawa.

Waliokuja kuutikisa msimamo huo walikuwa panya. Mwaka 1999, Henriette van Praag, Fred Gage na wenzao wa Taasisi ya Salk huko California walionyesha kwamba panya waliowekewa gurudumu la kukimbilia walipata chembe mpya za neva nyingi zaidi katika hipokampasi kuliko wenzao waliokaa kizimbani bila gurudumu. Kama binadamu mzima naye huzalisha chembe hizo bado ni ubishi. Mwaka 2018 kundi moja la watafiti lilichapisha kwamba halikuziona kwa watu wazima, na wiki chache baadaye kundi jingine likachapisha kinyume chake. Hata hivyo swali lilikwisha kuulizwa: ikiwa kukimbia kunaubadili ubongo wa panya, kutembea kunaufanya nini ubongo wa bibi au babu?

Mtu aliyelifuatilia swali hilo kwa subira ni Arthur Kramer, wakati huo mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka huohuo wa 1999 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watu 124 wa umri wa miaka 60 hadi 75 ambao maisha yao yalikuwa ya kukaa zaidi kuliko kutembea. Baada ya miezi sita, waliotembezwa walifanya vizuri zaidi kuliko wasiotembezwa katika majaribio ya kupanga mambo, kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine na kupuuza vinavyovuruga. Katika majaribio yasiyodai uwezo huo hawakuwazidi wenzao. Kasoro hiyo ndiyo inayoupa utafiti uzito, kwani kinachodaiwa kusaidia kila kitu kwa pamoja kwa kawaida hakisaidii chochote.

Utafiti uliosikika zaidi ulitoka mwaka 2011, ukiongozwa na Kirk Erickson wa Pittsburgh akishirikiana na Kramer. Watu 120 wa miaka 55 hadi 80 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili ya watu 60. Kundi la kwanza lilitembea siku tatu kwa wiki. Walianza na dakika 10, wakaongeza dakika 5 kila wiki, na kufikia wiki ya saba walikuwa wanatembea dakika 40, mwendo ambao waliushikilia hadi mwaka ukaisha. Kundi la pili nalo liliitwa siku hizohizo, lakini kazi yake ilikuwa kunyoosha viungo, kukaza misuli kidogo na mazoezi ya kusimama imara.

Kundi hilo la pili halikuwekwa kwa ajili ya kujaza nafasi. Mzee anayetolewa nyumbani mara tatu kwa wiki hupata mengi kuliko mazoezi: anaoga, anavaa, anasalimiana na watu, anataniwa na kutania, anaulizwa hali na kijana anayesimamia mazoezi. Wenzake wangeachwa nyumbani, isingejulikana kilichosaidia ni miguu au ni maongezi. Kwa kuwapa wote safari ileile na ukarimu uleule, watafiti waliacha tofauti moja kubwa: mwendo unaopandisha mapigo ya moyo.

Mwaka ulipoisha, picha za MRI zilionyesha hipokampasi za waliotembea zimeongezeka kwa takriban asilimia 2, wakati za walionyoosha viungo zilipungua kwa karibu asilimia 1.4. Kwa hesabu ya watafiti wenyewe, huko ni kurudisha nyuma mwaka mmoja au miwili ya uzee wa sehemu hiyo. Magazeti yalilishangilia jambo hilo na kuacha jingine. Katika jaribio la kumbukumbu makundi yote mawili yaliboreka, na waliotembea hawakuwazidi wenzao kwa jumla. Kilichoonekana ni kwamba, miongoni mwa waliotembea, yule ambaye hipokampasi yake ilikua zaidi ndiye aliyeelekea kuboreka kumbukumbu zaidi. Ni dalili nzuri, ila haitoshi kuitwa tiba.

Namna mwendo unavyofika kichwani inaelezwa kwa njia kadhaa. Mazoezi huongeza protini iitwayo BDNF, inayosaidia chembe za neva kuishi na kuungana. Kwa panya ushahidi wake ni mzito, kwa binadamu hupimwa kwenye damu na hivyo ni vigumu kujua kinachoendelea ndani ya fuvu. Njia ya kuaminika zaidi ni ile isiyo na mbwembwe, yaani mishipa ya damu. Ubongo una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Chochote kinachoshusha shinikizo la damu na kuirekebisha sukari hulinda mishipa midogo inayolisha ubongo, na hupunguza viharusi vidogovidogo ambavyo mtu hupata bila kujua, akizidi kusahau mwaka hadi mwaka.

Kutembea si zoezi pekee lenye faida. Huko Vancouver, Kanada, Teresa Liu-Ambrose alichunguza wanawake 155 wa miaka 65 hadi 75, na waliofanya mazoezi ya uzito mara moja au mbili kwa wiki kwa mwaka mzima waliboreka katika kipimo cha umakini kuliko waliofanya mazoezi mepesi ya kusimama imara.

Ugumu unaanza pale swali linapokuwa demensia yenyewe, yaani ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na akili, maana huchukua miaka mingi kujitokeza na jaribio la mwaka mmoja haliwezi kuungojea. Hapo watafiti huwafuata watu wengi kwa muda mrefu. Uingereza, watu 78,430 walivalishwa vipima hatua, na mwaka 2022 ikaripotiwa kwamba waliotembea karibu hatua 9,800 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya demensia kwa takriban nusu, na kwamba hata hatua 3,800 zilihusishwa na upungufu wa robo. Takwimu hizo zinavutia, lakini zina mtego. Watafiti waliowafuata watumishi wa serikali wa London kwa miaka 28 waligundua kwamba watu huanza kupunguza mwendo hadi miaka tisa kabla ya kutambuliwa kuwa na demensia. Basi huenda wengine hawakuugua kwa kuacha kutembea, bali waliacha kutembea kwa sababu ugonjwa ulikwisha kuingia.

Yapo pia majaribio makubwa yaliyotoka mikono mitupu. Marekani, wazee 1,635 wa miaka 70 hadi 89 walipewa ama mazoezi ama mafunzo ya afya kwa miaka miwili, na uwezo wao wa akili haukutofautiana. Uingereza, watu 494 waliokwisha kuwa na demensia walishirikishwa katika jaribio la mazoezi. Waliofanya mazoezi walipata nguvu za mwili, lakini ugonjwa haukupungua kasi. Finland ilijaribu njia nyingine: watu 1,260 walio katika hatari, nusu yao wakapewa kwa pamoja lishe, mazoezi, michezo ya akili na uangalizi wa shinikizo la damu. Baada ya miaka miwili kundi hilo liliwazidi wenzao waliopewa ushauri wa kawaida, ingawa hakuna awezaye kusema ni fungu gani la faida hiyo lililotokana na mazoezi.

Tanzania nayo imo katika simulizi hii. Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi, waliwahi kufungwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo na watafiti akiwemo David Raichlen, na ikaonekana kwamba hutumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika shughuli za kupandisha pumzi, na kwamba uzee hauwapunguzii sana. Bibi wa Kihadzabe huinama na mti uliochongwa ncha kuchimba mizizi ya kula. Raichlen na mwenzake Gene Alexander wanakisia kwamba ubongo wa binadamu ulijengeka kwa maisha ya namna hiyo, ya kutembea mbali huku mtu akikumbuka njia na kutafuta chakula, na kwamba miguu ikitulia mwili hubana matumizi hata ya ubongo. Ni dhana yenye mantiki. Hata hivyo isichukuliwe kwamba maisha ya kijijini yenyewe ni kinga: katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi wana demensia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na waliotimiza miaka 65 waongeze, angalau siku tatu, mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, kwa sababu kuanguka humvunja mzee mifupa. Mwenye maumivu ya kifua, anayeishiwa pumzi kwa kazi ndogo au aliyewahi kupata kiharusi amwone daktari kwanza. Wengine waanze na dakika chache, kwa kasi inayopandisha pumzi lakini bado inamwacha mtu aweze kuzungumza na mwenzake, na waongeze kidogo kila wiki.