Fahamu: Jeni zinazoongoza mizizi ya mahindi

Mizizi ya mahindi haioti ovyo. Wingi, mwelekeo na kina chake hutokana na jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, pamoja na hali ya udongo na maji.

Kuna mizizi gani?

Mbegu hutoa mzizi wa kwanza, kisha mingine michache pembeni yake. Baadaye huchipua mizizi ya kwenye vifundo vya shina, ikiwemo ile ya juu ya ardhi inayoushikilia mmea usianguke.

Wanasayansi wamejuaje?

Kwa kuchunguza mimea yenye hitilafu. Jeni iitwayo rtcs, iliyobainishwa mwaka 2007, ikiharibika, mmea hubaki na mzizi wa kwanza na matawi yake tu. Jeni hiyo huitikia oksini, homoni ya ukuaji.

Nyingine, rth3, inahusika na vinyweleo vya mizizi. Ikiharibika, mmea huonekana mzima kabisa, lakini mavuno hupungua. Hasara ipo pale ambapo jicho la mkulima halifiki.

Umuhimu wa jeni hizi

Kati ya virutubisho vya mmea, naitrojeni huzama na maji, hivyo hufuatwa na mizizi ya kina. Fosforasi hubaki karibu na uso wa udongo, hivyo hufikiwa na mizizi isiyo ya kina. Kwa hiyo hakuna mzizi unaofaa kila shamba.

Huko Sierra Mixe, nchini Meksiko, mahindi ya kienyeji yana mizizi ya juu inayotoa ute wenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Utafiti wa 2018 ulikadiria kuwa mahindi hayo hupata hewani asilimia 29 hadi 82 ya naitrojeni yake. Kwa hiyo watafiti wa mbegu wana kila sababu ya kuzienzi mbegu za kienyeji za wakulima.