Marekani: Wanatafuta mti wa pichi unaovumilia mvua

Magharibi mwa jimbo la Washington, huko Marekani, mvua hainyamazi kipindi chote cha baridi. Anayepanda pichi huko, lile tunda ambalo kwa Kifaransa linaitwa pêche, anajua kinachomngojea: majani machanga yanajikunja, yanavimba, yanakuwa mekundu, kisha yanaanguka. Joto linapofika ugonjwa unasimama na majani mapya yanatoka, lakini kwa nguvu ambayo ingelisha matunda. Miaka kadhaa ya hivyo, mti unachoka na unaweza kufa.

Kinacholeta ugonjwa ni kuvu inayoitwa Taphrina deformans. Mbegu zake zinajificha juu ya gome, na mvua ya baridi inaziingiza ndani ya machipukizi yanapoanza kuvimba. Mkulima wa viazi wa Masisi ao Lubero, aliyezoea mildiu, angekimbilia pampu ya dawa anapoona doa la kwanza. Kwa pichi amekwisha kuchelewa: jani lililojikunja haliponi tena. Dawa ya shaba inapigwa mti ukiwa hauna majani, na tena kabla machipukizi hayajavimba. Na shaba haiozi. Inabaki katika udongo mwaka kwa mwaka.

Mashamba makubwa ya jimbo hilo yalikwepa shida kwa kukaa ng'ambo ya milima ya Cascade, upande wa Yakima, kwenye ukavu. Wenye mti mmoja ao miwili nyuma ya nyumba, upande wa mvua, hawana pa kuhamia. Wao wanachagua aina yenye kinga. Zinazotajwa sana ni Frost na Avalon Pride, hii ya pili ikiwa imetokana na mti uliojiotea wenyewe katika jimbo hilohilo.

Lakini kinga si chanjo. Mche wa Frost unaweza kushikwa vibaya ukiwa mchanga, kwa hiyo unahitaji dawa miaka 2 ao 3 ya kwanza. Mnunuzi anapaswa kujua hilo kabla ya kulipa.

Kuna pia njia isiyotaka dawa: paa. Huko Uingereza, ambako mvua ya baridi inasumbua vilevile, wenye bustani wanaegemeza mti kwenye ukuta na kuufunika kwa plastiki tangu katikati ya baridi mpaka mwezi wa 5. Pembeni wanaacha nafasi wazi, maana mti unachanua wakati huo na nyuki lazima wapite.